Msimu Ambao Hatukufua

Wiki iliyopita mafundi wa maji walichimba mtaro mbele ya jengo letu, mvua ya alasiri ikanyesha juu ya ule udongo, na harufu yake ikapanda hadi ghorofa ya tatu ninapokaa. Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikauweka chini, nikazima jiko, nikakaa juu ya ndoo yenye mfuniko mpaka mvua ilipokatika. Udongo mwekundu wa Johannesburg ukilowa hunuka kama chuma kilichoshikwa muda mrefu kiganjani. Wapo wanaoipenda harufu hiyo. Wanasema ni harufu ya majira ya joto. Kwangu mimi ni harufu ya beseni.

Wenzangu wa rika langu wakikumbuka miaka ile wanataja simu zao za kwanza, nyimbo zilizopigwa kwenye teksi, wanafunzi wa chuo walioandamana wakikimbia moshi wa mabomu ya machozi kule Braamfontein. Mimi nakumbuka timu ya besiboli. Nikisema hivyo watu hucheka, maana msichana wa Kikongo wa Yeoville na besiboli wapi na wapi. Nami hucheka nao, kisha nabadilisha mazungumzo.

Tulikuwa wanne katika chumba kimoja cha nyumba ya kugawana: Mama, mimi, mdogo wangu Josue aliyekuwa na miaka minane, na Neema wa miaka minne. Baba alifariki katika ajali ya lori kwenye barabara ya Musina kabla Neema hajajua kutembea. Mama alikuwa mtu wa Uvira. Kiingereza hakikumwingia hata kidogo, na alikuwa ameshaacha kukifukuza. Alifua nguo za watu kule Kensington, akishuka kwa miguu kupitia Bez Valley mara tatu kwa wiki, na sifa yake ilikuwa vitu vyeupe: mashati ya shule, vitambaa vya meza, majoho ya kanisa. Alipokuwa na mambo na Waafrika Kusini alinichukua mimi nimsemee. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko cha mtu yeyote katika jengo letu. Nilijivunia hilo.

Aliyetuletea besiboli ni Bra Vusi, jirani wa ghorofa ya kwanza, mtu mnene mpole aliyeendesha pikapu ya timu, bakkie kama wanavyoiita huku. Tajiri mmoja wa Midrand alikuwa ameamua kwamba jiji hili lazima liwe na wachezaji wa besiboli wanaoishi kwa kazi hiyo. Akakodi uwanja wa zamani upande wa Kensington, akakusanya vijana kutoka Cape na Durban na wawili kutoka ng'ambo, akawaita Hadida, kama wale ndege wenye midomo mirefu wanaoliamsha jiji kwa kelele. Halafu akawavika suruali nyeupe. Nyeupe kabisa, za kujitupa nazo kwenye udongo mwekundu. Mama alipoziona mara ya kwanza aliniagiza nimuulize Bra Vusi ni nani aliyewachukia hao watoto wa watu kiasi hicho. Mashine za kufulia zilikuwa zimezigeuza rangi ya chai ya maziwa, ndiyo maana Bra Vusi alikuja kutugongea.

Mama alizirudisha kuwa nyeupe. Alinifundisha jinsi, na mpaka leo mikono yangu inajua. Udongo mbichi hauguswi. Unauacha ukauke mpaka upasuke, ndipo unapiga nguo ukutani na kuipiga brashi ngumu, vumbi litoke. Kisha maji baridi na chumvi, na siki kidogo. Unaacha. Unamwaga maji mekundu, unaweka mengine, unamwaga tena, na ndipo sabuni ya mche inapoingia. Maji ya moto kamwe. Mama alisema maji ya moto yanaupikia udongo ndani ya kitambaa, na ukishapikwa hautoki. Nguo tulizianika kwenye paa la jengo. Kutoka pale uliona minara ya Hillbrow upande mmoja, na upande mwingine, mbali, zile nyasi zilizokatwa za uwanja.

Mwanzoni Hadida walikuwa wakipigwa tu. Kila Jumatatu Bra Vusi alipandisha magunia na kumweleza Mama jinsi walivyopoteza, kama vile anamweleza kocha, nami nikitafsiri. Mama alitikisa kichwa na kusema pole watoto wangu, ingawa baadhi ya hao watoto walikuwa na ndevu. Wakati huo tayari alikuwa anakohoa. Kikohozi kilianza na vumbi la msimu wa baridi, lile linaloruka kutoka kwenye vilima vya taka za machimbo ya dhahabu, na vumbi lilipoondoka chenyewe kikabaki. Alikuwa amekonda. Jioni alizungusha kitenge kiunoni mara tatu, zamani ilikuwa mbili.

Kisha bomba la mtaa likapasuka, tukakaa siku nne bila maji. Magunia yakalala pale mlangoni. Jumamosi asubuhi Bra Vusi anakuja kuchukua nguo, hakuna iliyofuliwa. Mama aliona aibu ya kufa. Alizipiga brashi kadiri alivyoweza, akazipiga pasi na udongo wake, akazikunja vizuri, na kuniambia niombe radhi kwa maneno makubwa kuliko yote niliyokuwa nayo. Mchana huo Hadida walishinda kwa mara ya kwanza.

Bra Vusi alirudi akipanda ngazi mbili mbili. Alisimama mlangoni akihema, na alichosema kilinifanya nimwombe arudie, kisha Mama akaniomba mimi nirudie.

"Anasema usizifue, Mama."

"Muulize vizuri. Anasema wanataka kunuka?"

Niliuliza. Bra Vusi alieleza kwa makini, kama mtu anayeeleza mambo ya dini. Watu wa besiboli wakianza kushinda hawabadilishi kitu. Aliyekula mayai asubuhi ataendelea na mayai. Aliyeingia uwanjani kwa mguu wa kushoto hatangulizi wa kulia. Asiyenyoa hanyoi. Na nguo haziguswi na maji mpaka siku watakayoshindwa. Magunia yataendelea kuja na malipo ya Mama yanabaki yaleyale, ila sasa kazi yenyewe ni kutokufua. Mama alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho, akasema tangu atoke Uvira hakuna mtu aliyewahi kumwajiri akae.

Akakaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona mama yangu amelala mchana. Nyumba nyingine za Kensington zilikuwa zimefungwa, wenyewe wamekwenda pwani kwa sikukuu, na Hadida walikuwa wanashinda. Jumamosi baada ya Jumamosi. Magunia yakija tulifungua tu madirisha. Baada ya wiki tatu mashavu ya Mama yalijaa kidogo, kikohozi kikawa cha asubuhi tu, na kitenge kikarudi mizunguko miwili na nusu. Leo naelewa ilikuwa kupumzika tu. Ugonjwa ule hukupa likizo wakati mwingine. Lakini wakati ule nilihesabu kwa vidole: timu ilianza kushinda siku ileile Mama alipoanza kunenepa, na siku hiyo ndiyo tuliyoacha kufua.

Jumamosi moja Bra Vusi alitupakia nyuma ya bakkie, sote wanne na nguo za kanisani, akatupeleka uwanjani. Sijasahau kitu cha siku ile. Familia zilizoketi na masanduku ya barafu, moshi wa nyama, mawingu meusi yakijipanga upande wa kusini kama kawaida ya saa nane. Na wale vijana wakatoka mbio wamevaa suruali zilizokauka kama turubai, rangi ya matofali, na watu wakashangilia. Mwanamke mmoja nyuma yetu alimwambia mumewe kwamba anayewafulia hawa ana kesi ya kujibu. Nilimtafsiria Mama. Alivuta kitambaa cha kichwa mpaka kwenye pua.

"Usinisemeshe," alisema. "Jifanye hunijui."

Mchezo wenyewe hatukuuelewa. Bra Vusi aliturahisishia: mtu anapiga mpira kwa gongo, anakimbia kuzunguka kona nne, na akifika pale alipoanzia ndipo anapata pointi. Mama alifikiri sana juu ya hilo.

"Kwa hiyo ukirudi ulikotoka umeshinda?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Basi sisi wametuacha kona ya pili."

Mrushaji wao alikuwa kijana mrefu wa Cape aliyeitwa Deon. Kabla ya kila mrusho alibusu mkono wa jezi, palipokuwa na doa jeusi la mafuta na jasho la wiki nyingi. Alipomtoa mtu wa mwisho Mama alisahau kujificha, akasimama, akapiga kigelegele, kimoja tu, kikali, na uwanja mzima ukageuka. Bra Vusi alikuwa ameshawaambia wachezaji Mama ni nani. Deon akamvulia kofia. Baada ya hapo wote walimwita Mama, na yeye njia nzima ya kurudi alikuwa akijaribu kutamka jina la Deon na kujicheka.

Tukiwa tunashuka kwenye gari nilimuuliza Bra Vusi kama kweli kutokufua kunafanya kazi. Sikuuliza kwa utani, naye hakunijibu kwa utani. Alisema nguo si kitu. Kitu ni kwamba jambo likienda vizuri huligusi. Deon akiwa anarusha vizuri wenzake hawakai karibu naye, hawamwambii lolote, hata hawamtazami. Ukilitaja, limekwisha.

"Huligusi, huliulizi, hulisemi," alisema. "Sharp, sisi?" Kwa lugha ya mtaani: tumeelewana, dada?

"Sharp," nikamjibu.

Nikaipeleka sheria hiyo nyumbani. Mama alikuwa na kitenge cha buluu chenye mapambo ya feni za njano, ndicho alichojifunika mchana akipumzika. Kila alipokitoa kifuliwe nilikipokea, nikakitundika dirishani saa mbili, nikamrudishia. Alikinusa.

"Sifa, hiki umekifua na nini? Na maneno?"

Nilisema maji yamekatika. Wiki iliyofuata nikasema sabuni imekwisha. Josue alinicheka kwamba nimekuwa mvivu, nami nikamvumilia, maana nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Nilikuwa ninashikilia nyumba nzima kwa mikono yangu miwili.

Alasiri moja Mama alikuwa amelala, Neema amelala kando yake, na mvua ilikuwa inapiga bati la jirani. Alikohoa usingizini, kikohozi cha chini chenye maji. Nikainuka kumfunika vizuri. Ncha ya kitenge ilikuwa mdomoni mwake, na nilipoivuta niliona doa. Halikuwa kubwa, kama harage. Lilikuwa jekundu la kung'aa. Sitasema sikujua ni nini. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaijua damu. Nilichukua kitenge taratibu, nikamwekea shuka, nikaikunja ncha ile kwa ndani, nikakisukuma chini ya godoro letu sisi watoto, upande wa ukutani. Alipoamka nikamwambia nimekianika juu na upepo umekichukua. Alisikitika. Baba ndiye aliyemnunulia. Akasema haidhuru, upepo nao unajua kuchagua.

Hadida walikuwa wamebakiza michezo miwili.

Mama Odette, msusi kutoka Lubumbashi mwenye kiti chake pale Rockey Street, ndiye aliyeona. Alikuwa anamsuka Mama, akasimamisha mikono.

"Mama Sifa, shingo inaisha," alisema. "Jumatatu unaenda kliniki. Batoto bako watatu hawa, utamwachia nani?"

Mama alisema anaendelea vizuri, kila mtu anaona. Mama Odette hakubishana, alivuta tu nywele kwa nguvu zaidi. Jumatatu tukaenda, Mama na mimi, kwa sababu Mama asingeweza kwenda bila mdomo wangu.

Tulikaa kwenye foleni tangu asubuhi. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, mchovu, mwenye sauti nzuri. Alimtazama Mama, akaona hawataelewana, akanigeukia mimi, akasema kwa Kiingereza kwamba mimi ni binti mwerevu na leo nitakuwa msaidizi wake. Alikuwa na karatasi yenye visanduku. Aliuliza maswali manne.

Amekohoa wiki ngapi? Nikasema moja.

Anatoka jasho usiku mpaka shuka linalowa? Nikasema hapana.

Amepungua uzito? Hapo nilifurahi, maana nilikuwa na ukweli wa kusema. Nikasema ameongezeka.

Kisha akauliza kama amewahi kukohoa damu. Niliangalia kalamu yake. Ilikuwa juu ya kisanduku, inasubiri. Nilikuwa na picha mbili kichwani: kitenge chini ya godoro, na Deon amesimama peke yake katikati ya uwanja bila mtu wa kumsemesha. Huligusi, huliulizi, hulisemi.

Nikasema hapana.

Mama alinigusa mkono. "Anasema nini?"

"Anauliza kama unaendelea vizuri. Nimemwambia ndiyo."

Mama akamtazama yule muuguzi na kutabasamu kwa uso wote, akainamisha kichwa. "Aksanti sana, dada," alimwambia. Na muuguzi, ambaye alikuwa ameuliza kila alichopaswa kuuliza, akatabasamu pia, akatupa vidonge vya homa na chupa ya dawa ya kikohozi, na kusema turudi kama hali itabadilika. Hilo nalo sikulitafsiri.

Nje, kwenye ngazi, Mama aliweka mkono wake juu ya kichwa changu. Alisema, "Bila wewe ningekuwa bubu katika nchi hii."

Mchezo uliofuata Hadida walishinda. Wa mwisho, ule wa kombe, walishindwa. Hatukuwepo. Bra Vusi alikuja Jumapili baada ya ibada na magunia yote kwa pamoja, nguo za msimu mzima, ngumu, zinanuka kama zizi. Hakupanda mbili mbili. Alisema tajiri wa Midrand amechoka na timu inavunjwa. Vijana wanarudi makwao, na wameomba nguo zao ziwe safi ili kila mtu abaki na yake. "Sasa zifue, Mama," alisema, na Mama alielewa bila mimi.

Nilimzuia. Nilisema nitafua mimi, nilisema tungoje kesho, nilisema tumbo linaniuma. Alinishangaa. Nilishika gunia na sikuliachia mpaka vidole vyangu alipovifungua kimoja kimoja.

"Una nini wewe?" aliuliza. "Watoto wamepoteza. Wasirudi kwao wachafu."

Tulipandisha mabeseni juu ya paa kwa sababu mle bafuni hayakuenea. Mama alipiga nguo ukutani, vumbi jekundu likampanda mpaka kwenye kope. Mimi nilibeba maji kutoka bomba la chini, ngazi tatu, ndoo baada ya ndoo. Maji ya kwanza yakawa mekundu, kama siku zote. Tukamwaga. Ya pili yakawa mekundu. Nilishuka kuchota ya tatu.

Niliporudi alikuwa amepiga magoti, mikono yote miwili ndani ya beseni, kichwa kimeinama. Nilidhani anasugua. Kisha akainua uso, na kidevu chake kilikuwa chekundu, na kifua, nami nikadhani udongo umemrukia. Niliweka ndoo chini, nikaenda kumfuta kwa kiganja. Ulikuwa wa moto. Maji yetu yalikuwa baridi siku zote.

Bra Vusi ndiye aliyempeleka hospitali kwa ile bakkie. Mama alikaa wodini siku kumi na moja, wodi ambayo watoto hawakuruhusiwa kuingia. Mama Odette aliingia badala yetu na kutuletea salamu. Alisema Mama anauliza kama tumekula, na kama nguo za wale vijana zimekauka. Mama alifariki Alhamisi asubuhi.

Niliwaza jambo moja tu: tumefua. Walishindwa, tukafua, akafa. Sikumlilia kama watu walivyotaka nimlilie. Nilipanda juu ya paa na kuzimaliza zile nguo, kwa wiki nzima, chumvi na siki na maji baridi, kwa sababu sasa hakukuwa na cha kulinda. Zikawa nyeupe kuliko alivyowahi kuzifanya yeye. Hakuna aliyekuja kuzichukua. Bra Vusi alikuwa ameondoka kutafuta kazi Durban, wachezaji wametawanyika. Suruali kumi na tisa zilikaa kwenye kamba, na upepo wa alasiri ulipoziingia zilijaa miguu na kutembea palepale zilipo. Mpaka sasa nikipita chini ya nguo nyeupe zilizoanikwa huwa natembea upande.

Baada ya mazishi, watu wa afya walituita watoto tupimwe. Aliyetupokea alikuwa kaka kijana, mpole, na karatasi ileile yenye visanduku. Akaanza na Neema. Wiki ngapi za kikohozi. Jasho la usiku. Uzito. Damu. Niliyasikia maswali yale kana kwamba mtu anawasha taa katika chumba nilichokuwa nimekaa gizani muda wote. Nikamuuliza maswali hayo ni ya nini. Akanijibu kama mtu mzima anavyojibiwa, kwamba kifua kikuu kinatibika. Jibu moja la ndiyo linatosha, mtu anapimwa palepale, anapewa dawa miezi sita, na akizimeza zote anapona. Majibu ya Neema yalipotoka na kuonyesha anacho, alisema amegunduliwa mapema, nisiwe na hofu. Alisema hivyo ili kunifariji.

Mama Odette alituchukua kwake. Asubuhi alikuwa kwenye kiti chake kabla ya saa moja, kwa hiyo dawa za Neema zilikuwa kazi yangu. Alizitema. Alizificha chini ya ulimi, kwenye soksi, kwenye uji. Nilikaa mbele yake mpaka ameze, nikamwambia afungue mdomo, nikakagua kwa kidole, kila siku kwa miezi sita, kisha nikampeleka kliniki kupimwa na nikajibu kila swali kwa urefu mpaka wauguzi wakachoka nami. Shule nilichelewa, kisha nikawa naenda siku mbili kwa wiki, kisha nikaacha. Mwalimu wangu alipanda hadi ghorofa ya tatu kunisihi. Watu walisema ni umaskini, na mimi sikuwakatalia. Josue amesoma, yuko kidato cha juu sasa. Neema ana mapafu safi kama kioo. Mimi nafua, na nasuka siku za Jumamosi kwenye kiti cha Mama Odette ambaye miguu imemchoka.

Kitenge cha buluu sikukifua kamwe. Nilikichoma kwenye pipa nyuma ya jengo mwaka ule niliotimiza kumi na nane, na nikasimama pale mpaka majivu yakapoa, nikiogopa mtu asije akaona kona moja iliyobaki.

Jumapili hii nilikuwa namsuka Neema. Amefikisha umri ule niliokuwa nao. Alikaa sakafuni katikati ya magoti yangu, hauoni uso wangu wala mimi siuoni wake, akaniuliza kwa Kiingereza chake, kama anavyouliza mambo yote, Mama alikuwa mtu wa namna gani alipoanza kuumwa. Kwa kawaida humjibu kwamba alikuwa anacheka sana. Nilianza hivyo. Nikamwambia habari za Hadida, za pasi juu ya udongo, za kigelegele. Akacheka mpaka kichwa kikanitoka mikononi. Kisha sijui kwa nini sikuishia pale ninapoishia siku zote. Niliendelea na kusuka na niliendelea kusema, doa, godoro, kliniki, kalamu ya yule muuguzi, na nilipofika kwenye neno nililolisema, nililisema tena vilevile.

Neema hakusogea. Mvua ilikuwa imekatika na watu walikuwa wanaburuta viti nje.

"Ulikuwa na miaka kumi na miwili, Yaya," alisema, akiniita dada kwa neno la Kikongo, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Hukuelewa."

"Nililielewa swali," nikamwambia.

Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu bado imesimama. Angeweza kuinuka. Nilishusha mikono yangu ili ajue kwamba anaweza. Hakuinuka. Alikunjua na kukunja ncha ya sketi yake, na niliposikia anapumua vibaya sikujua kama nina haki ya kumshika bega.

"Josue anajua?"

"Hapana."

"Muite," alisema. "Umwambie mimi nikiwa hapa."

Alikuwa chumba cha pili na vitabu vyake. Nikamwita. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Nikamwita tena.